Sikukuu ya Kumi na Sita

Iko nchi moja, wasomaji wangu, ambayo naomba msiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zote zimepelekwa kusahihishwa. Inaitwa Mtandavala. Ni nchi nzuri mno. Nimeambiwa niseme hivyo, na hata nisingeambiwa ningesema, maana mimi nami nina familia.

Katika nchi hiyo alikuwapo mtumishi wa umma aitwaye Kheri Mbaruku, Afisa Hakika Daraja la Pili katika Idara ya Kukaribisha Wageni. Kazi ya Afisa Hakika ni kutunza mambo ya kweli. Kila mwaka, kabla watalii hawajaanza kumiminika, Kheri alitoa kijitabu cha kurasa nane kiitwacho Mambo ya Msingi kwa Msafiri, ambacho mgeni aliyekuja kuangalia tembo alikabidhiwa uwanja wa ndege hata kabla hajaliona begi lake.

Humo msafiri alisoma kwamba Mtandavala ina watu milioni kumi na mbili, wote wenye furaha, isipokuwa wachache ambao orodha yao ipo. Alisoma kwamba Mlima Shukurani una mita elfu nne mia mbili na tatu, na kwamba huongezeka mita moja kila siku ya kuzaliwa ya Mlezi Mkuu, yaani kiongozi wa nchi. Umeme ni volti mia mbili na arobaini, siku ukiwepo. Malaria ilipigwa marufuku kwa Tangazo Namba Kumi na Saba. Wanyama ni wapole, mito inafaa kwa kuogelea, barabara ni laini. Masika huanza baada ya kuzinduliwa rasmi na Waziri, na mvua ikitangulia kunyesha kabla ya Waziri huhesabiwa kuwa umande.

Kisha zilikuja sikukuu, na hapo ndipo Mtandavala ilipowapita wenzake wote. Zilikuwa kumi na tano. Kulikuwa na Siku ya Uhuru, Siku ya Kuishukuru Siku ya Uhuru, Siku ya Mlezi Mkuu Kuanza Shule, na siku tatu za Mlezi Mkuu Kurudi Salama, kwa kuwa kila mwaka alikwenda kutibiwa ng'ambo mara tatu. Katika siku hizo benki hufungwa na hospitali hufungwa, na msafiri anashauriwa asiugue.

Sasa mtauliza, Kheri aliyajuaje yote haya? Nitawaambia, lakini yaishie hapa. Kila Juni idara ilimtuma mtu avuke mpaka akachukue kijitabu cha watalii cha nchi jirani, nchi ambayo sheria hairuhusu nitaje jina lake. Kheri alikiingiza kwenye kompyuta. Jina la nchi yao likafutwa, likawekwa Mtandavala. Mlima wao ukafutwa, ukawekwa wetu, ukiwa mrefu zaidi. Na kila palipoandikwa Baba wa Taifa, kompyuta iliamriwa iweke Mlezi Mkuu. Dakika nne, kazi imekwisha. Miezi miwili iliyobaki aliitumia kuandika ripoti ya jinsi kazi ilivyokuwa ngumu.

Miaka ishirini na miwili mambo yalikwenda hivyo, wala hapakuwa na neno. Baada ya Kheri, kijitabu kilipigwa mihuri saba na maafisa saba, na hakuna aliyekisoma, kwa sababu kukisoma kabla ya kupiga muhuri ni kumdharau mwenzako. Mwisho Mlezi Mkuu mwenyewe alitia saini kwenye utangulizi. Zikachapwa nakala elfu arobaini.

*

Tarehe ishirini na saba Agosti, saa nne asubuhi, Kheri alikwenda uwanja wa ndege kupanga vijitabu vipya kwenye meza ya mapokezi. Mama mmoja mtalii, mwenye mvi na darubini shingoni, akamsogelea. Alikuwa amejifunza Kiswahili vitabuni, akakitamka taratibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Poleni sana kwa msiba," akasema.

"Msiba gani, mama?"

"Wa kiongozi wenu. Mungu amlaze mahali pema."

Kheri alicheka kwanza, akidhani mgeni amechanganya maneno. Yule mama akafungua ukurasa wa sita, akaweka kidole. Pale, chini ya sikukuu kumi na tano, ilikuwepo ya kumi na sita: "9 Septemba. Siku ya Kumkumbuka Hayati Mlezi Mkuu. Ofisi na maduka hufungwa. Wananchi bado wana majonzi. Msafiri anaombwa asipige muziki."

Lo! Jambo la kwanza alilofanya ni kuufunika mstari ule kwa kiganja, na la pili ni kutazama nyuma.

Mambo yalikuwa hivi. Septemba iliyopita Baba wa Taifa wa nchi jirani alifariki dunia, na wenzetu wakamwekea sikukuu. Mtandavala nzima hakuna aliyejua, kwa sababu redio ya taifa huwa haitangazi vifo vya viongozi wa nje, watu wasije wakapata mawazo. Kompyuta nayo ilifanya kazi yake kwa utii. Ilimtoa Baba wa Taifa, ikamweka Mlezi Mkuu, neno hayati ikaliacha lilipo.

"Mama," Kheri akanong'ona, "tafadhali usimwambie mtu pole tena. Mtu yeyote."

"Kwani hapa hampeani pole?"

"Tunapeana, mama. Ila kwa zamu."

Alitoka pale upesi, kijitabu kwapani. Alimfikiria Sengo, aliyekuwa Afisa Hakika mwenzake. Sengo aliwahi kuandika umri wa Mlezi Mkuu kama ulivyo, miaka themanini na minne, badala ya kuandika "umri wa kufaa". Akaitwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Huu ulikuwa mwaka wa tisa, na mkewe alikuwa bado anamfunikia chakula.

*

Mkurugenzi wa idara, Bi. Eufrasia Ndalo, alikuwa mtu wa sauti kubwa, aliyesema na wanaomtembelea ofisini kana kwamba wamejaa uwanja. Aliusoma mstari ule. Akavua miwani, akausoma tena bila miwani, akitumaini hautaonekana.

"Kheri," sauti ikamtoka kama ya mgonjwa, "hii nini?"

"Kosa, Mkurugenzi."

"Koma! Serikali haina makosa. Serikali ina matoleo."

"Basi tukiondoe hiki, tutoe toleo jingine."

"Kwa barua ipi? Ili tukiondoe lazima niandike Ikulu, nieleze sababu. Sasa hebu nieleze wewe, hiyo sababu nitaiandikaje? Sheria ya Heshima inasema ukiyaweka yale maneno mawili kwenye mstari mmoja ni kifungo cha maisha. Wewe umeshayaweka mara elfu arobaini!"

Hata hivyo alijaribu. Alichukua karatasi, akaandika: "Tunaomba kuondoa kijitabu kwa sababu tusiyoweza kuitaja, inayomhusu mtu tusiyeweza kumtaja, kuhusu hali ambayo hakika hanayo." Alipoisoma alishtuka, akaikunja, akaitia mdomoni, akaitafuna na kuiteremsha kwa chai. Kheri alimwangalia akimeza, na hofu yake ikazidi, maana kama Mkurugenzi anakula karatasi, yeye Afisa Daraja la Pili atakula nini?

"Hodi, hodi," sauti ya upole ikasema mlangoni. "Samahanini kwa usumbufu."

Aliingia Bwana Bundala wa Ofisi ya Utulivu. Ofisi ya Utulivu, kwa wasiojua, ndiyo inayohakikisha wananchi wametulia. Watu wake hawafoki wala hawagongi meza. Wanaomba radhi, wanauliza hali za nyumbani, na wanajua majibu. Bundala alikuwa mfupi, msafi, mwenye koti lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama. Kijitabu alikuwa nacho mfukoni.

"Bwana Kheri, hujambo? Mkeo, Bi. Mwanahiba, hajambo? Cherehani yake ilishapata mkanda mpya?"

"Ilishapata," Kheri akajibu.

*

Kikao cha dharura kikaitishwa mchana uleule. Maafisa saba wa mihuri waliitwa. Wa kwanza alisema muhuri wake uliibwa. Wa pili alisema siku ile alikuwa haoni. Wa tatu alisema yeye hupiga muhuri kurasa za witiri tu. Bundala aliwasikiliza wote kwa heshima, akinukuu.

"Ndugu zangu," hatimaye akasema, "tusitishane. Tukisema kijitabu kimekosea, basi aliyetia saini utangulizi ametia saini uongo. Kuna anayetaka kusema hivyo?"

Maafisa wakatikisa vichwa kwa pamoja.

"Vizuri. Tukisema kijitabu ni cha kweli, basi..." Hakumaliza. Alikohoa kidogo, na afisa wa muhuri wa nne akazimia. Wakamwacha alipoanguka. "Na tukisema ni hujuma ya nchi jirani, tutaulizwa maneno yao yaliingiaje kwetu. Kwa hiyo, sikukuu ibaki. Majonzi yabaki. Neno hayati libaki. Tutachapa vibandiko vya kuziba jina moja tu. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa karibu na hilo neno."

Waliokaa wote waliinamisha macho mezani. Kheri naye aliinamisha, na alipoyainua tena akakuta wote wanamtazama yeye.

"Mimi napendekeza," Mkurugenzi akasema haraka, sauti yake kubwa ikiwa imemrudia, "sikukuu ya taifa apewe mtu aliyeitumikia hakika kwa miaka ishirini na miwili bila kuchoka!"

Wakapiga makofi. Hata yule aliyezimia alipiga, kutoka sakafuni.

"Bwana Bundala," Kheri akasema, na hakujua maneno yalipata wapi njia, "mtaniua?"

"Yarabi! Nani kataja kuua?" Bundala alionekana kuumia kweli. "Serikali yetu haiui. Na isitoshe, wewe umeshakufa. Sikukuu ni ya kumbukumbu, kwa hiyo ulifariki tarehe tisa Septemba mwaka jana. Sisi tunachelewa kwenye makaratasi tu."

Akamkabidhi Fomu ya Ridhaa ya Kuwa Hayati, nakala tatu, ijazwe na mhusika mwenyewe. Swali la sita liliuliza: "Je, mwombaji amewahi kuwa hayati hapo awali? Kama ndiyo, eleza." Kheri aliandika hapana. Kisha akatia saini nakala zote tatu.

Ukaja ubishi juu ya sababu ya kifo. Mmoja akasema aliuawa na nyati akimkinga mtalii. Mkurugenzi akakataa: ukurasa wa tatu unasema wanyama ni wapole. Mamba? Ukurasa wa nne, mito inafaa kwa kuogelea. Ajali ya gari? Barabara ni laini. Malaria? Imepigwa marufuku. Walikaa saa mbili wakitafuta kitu kinachoweza kumuua mtu katika Mtandavala, wakakosa. Mwishowe ikaandikwa kwamba Hayati Kheri Mbaruku alifariki kwa furaha.

*

Mkewe, Mwanahiba, alikuwa fundi cherehani. Kheri alimkuta amekaa mbele ya mashine yake, mita tano za kitambaa cheusi zimemlalia mapajani.

"Wamekuja watu wawili," akasema bila kuinua uso. "Wapole kweli. Wameniletea kitambaa, wanasema nishone gauni la eda, na nijishonee mwenyewe kwa kuwa mafundi wengine wana shughuli. Nikawaambia mume wangu yuko kazini. Wakasema, pole mama, ni kawaida mfiwa kusema hivyo. Kheri, umesaini nini?"

"Karatasi tu."

"Karatasi gani?"

"Ya kwamba... nimefariki. Lakini kidogo. Kiofisi."

Mwanahiba aliuweka mkasi chini. "Umefariki lini?"

"Mwaka jana. Septemba."

"Septemba mwaka jana ulipaka rangi jiko hili! Ulianguka kwenye ngazi, nikakukanda kiuno wiki nzima. Nilikuwa namkanda nani?" Akamkamata mkono na kuuminya kama mtu anayehakiki kitambaa. "Wewe unawaamini hawa?"

"Bundala amesema serikali haiui."

"Mume wangu, mtu akishaandikwa kwamba amekufa, kuna kazi gani ngumu iliyobaki? Leo wakikuchukua, nani atauliza? Mimi nitauliza nikiwa nimevaa eda?"

Kheri akakaa kando ya cherehani. Aliogopa siku zote za maisha yake, aliogopa simu, aliogopa bahasha za rangi ya kaki, aliogopa hata kupandishwa cheo. Lakini siku ile alihisi hofu mpya, iliyokaa kifuani bila kutikisika. Alitaka kuishi. Hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kutaka.

Siku zilizofuata majirani walikuja kuhani. Walivua viatu, wakakaa mkekani, wakamlilia. Kheri alikuwamo chumbani humohumo, kwa kuwa nyumba ilikuwa na chumba kimoja na sebule. Bi. Shangwe wa nyumba ya pili, ambaye alimfahamu tangu ujanani, alipokea kikombe cha chai kutoka mkononi mwa Kheri mwenyewe, macho ameyakaza ukutani.

"Marehemu alikuwa mtu mwema," akasema. "Chai yake ilikuwa na sukari ya kutosha."

"Bi. Shangwe," Kheri akamwambia kwa sauti ya chini, "mimi huyu hapa."

Yule mama akafumba macho, machozi yakamtoka. "Mwanahiba, mwanangu," akasema, "nasikia kama upepo dirishani. Funga, tafadhali. Nakuomba ufunge." Akaondoka kabla hajamaliza chai.

Mchana kutwa mtu alisimama ng'ambo ya barabara akisoma gazeti. Lilikuwa gazeti moja, siku zote kumi na mbili.

*

Asubuhi ya tarehe tisa Bundala alikuja na kofia pana, shati la mifuko mingi na kamera. Alieleza kwa upole kwamba hayati hawezi kuachwa nyumbani peke yake siku yake, ni kukosa adabu. Atakaa jukwaa la watalii. Mtalii haulizwi jina wala haulizwi anaishi wapi. Hapo ndipo mahali pazuri kwa mtu asiyekuwepo.

"Na baada ya sherehe?" Kheri akauliza.

"Baada ya sherehe kuna baada ya sherehe," Bundala akasema, akamnyooshea ukosi.

Uwanja ulijaa, maana mahudhurio yalikuwa ya hiari na majina yaliitwa. Vipaza sauti vilifungwa kwenye kila nguzo ya mji, kutoka uwanjani hadi nje ya mji kwenye barabara ya mpakani, ili hata aliyebaki nyumbani ahuzunike. Kheri alikaa safu ya tatu kati ya wageni, kofia imemshukia machoni. Jukwaani alimwona Mwanahiba ndani ya gauni jeusi. Alikuwa amelishona vizuri. Hata siku hiyo hakuweza kushona vibaya.

Mlezi Mkuu aliletwa, akasimamishwa, akashikizwa kwenye meza ya kuhutubia.

"Watandavala wenzangu! Tarehe kama ya leo, mwaka jana, nilikuwa nimekaa kitandani pa Kheri. Nilimshika mkono huu! Akaniambia, Mlezi, mimi nakwenda, lakini naiacha nchi ikiwa na barabara laini. Nikamwambia, Kheri, usiende. Akaniambia, Mlezi, furaha imenizidi. Akafa, ndugu zangu. Akafa anacheka!"

Machozi yalimtoka mzee yule, ya kweli kabisa. Halaiki ikalia kwa mpangilio, jukwaa kwa jukwaa. Kheri aliona aibu, kwani naye kidogo alianza kumhurumia marehemu.

Hotuba iliyoandikwa ilikuwa iishie hapo. Lakini Mlezi Mkuu alifuta macho, akaiweka karatasi kando, na mawaziri wakakaa wima kwa woga.

"Nataka kwenda kaburini kwake," akasema. "Sasa hivi. Nataka kuweka shada kwa mkono wangu. Liko wapi kaburi la huyu kijana?"

Vipaza sauti vyote vya mji vikanyamaza. Waziri akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama viatu vyake. Hakuna aliyekuwa amefikiria kaburi. Kheri akavuta kofia yake chini zaidi.

Bundala alisimama kutoka kiti chake cha pembeni. "Liko tayari, Mheshimiwa," akasema. "Tunaomba nusu saa tu."

Akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akaanza kushuka ngazi. Hakuwa na haraka. Alikuwa akija upande wa watalii.

Mwanahiba alimwona. Kheri alimwona Mwanahiba akimwona. Kisha mwanamke yule, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupandisha sauti hata kwa mteja asiyelipa, aliruka kutoka kitini, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akalia.

Sijui nikieleze vipi kilio kile. Hakikuwa cha mpangilio. Kilitoka tumboni, kikapanda, kikavunjika, kikaanza tena. "Mume wangu wee! Mume wangu!" Wanawake wakaitikia kutoka kila upande, na safari hii hakuna aliyewapa ishara.

Mlezi Mkuu akavua kofia yake, akainamisha kichwa.

Na Mtandavala, Mlezi Mkuu akiinamisha kichwa, nchi nzima huinamisha. Mwenye kuinua chake kabla yake hukionja kifungo, na wapo waliokionja. Wala mzee hainui kichwa mfiwa angali analia. Ni heshima aliyoitunga mwenyewe. Basi vichwa elfu thelathini vikainama kwa pamoja. Mawaziri wakainama. Askari wakainama na bunduki zao. Bundala, aliyekuwa amefika katikati ya ngazi za jukwaa la watalii, hatua kumi kutoka kwa Kheri, akasimama na kuinama.

Kheri akainuka.

Njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo ilipita ubavuni pa Bundala. Alishuka ngazi moja. Akashuka ya pili. Moyo ulimpiga hadi masikioni, akawa na uhakika kila mtu anausikia kuliko kilio. Alikuwa amevaa kofia ya mtalii na shati la mtalii, lakini miguuni alikuwa na viatu vyake vya kahawia vya ofisini, alivyovivaa miaka sita, na macho ya Bundala yalikuwa chini kabisa, palepale viatu vinapopita.

Viliposimama mbele yake, Bundala alivitambua. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kheri aliona jinsi kichwa kile kilivyotaka kuinuka, jinsi kilivyotetemeka, jinsi hofu ilivyokisukuma chini tena. Hakuwahi kufikiri kwamba Bundala naye anaogopa. Mkono ukanyooka, ukapapasa hewani kama wa kipofu, ukaukamata mkanda wa kamera. Kheri akainama, akautoa mkanda shingoni, akamwachia kamera.

Kisha akapita. Akapita askari wa lango, vidole vyao kwenye bunduki, videvu vyao vifuani. Akatoka nje.

Barabara ilikuwa tupu, kwa kuwa ni sikukuu. Maduka yamefungwa, hakuna gari, hakuna mbwa. Mpaka ulikuwa mbali, kilomita kumi na moja. Alitembea upesi, akijizuia kukimbia, na sauti ya mkewe ikatembea naye, ikitoka kwenye kila nguzo aliyoipita. "Mume wangu! Mume wangu wee!" Alitaka kurudi. Mara mbili alisimama na kugeuka, na mara mbili miguu ikakataa. Hakujua tena kama Mwanahiba analia kwa kusudi au amesahau kusudi.

Alipofika nje ya mji sauti ilikuwa imeanza kukauka. Ilikatika, akasimama. Ikarudi, nyembamba, imechanika. Ndipo Kheri akaanza kukimbia. Alikimbia akilia mwenyewe, kofia ikaanguka nyuma, hakuiokota. Aliipita nguzo ya mwisho, na baada ya nguzo ile hapakuwa na kipaza sauti kingine. Akaendelea kukimbia kuelekea mpakani, asijue kama kule uwanjani bado analiliwa.